Chakula Kipo, Lakini Utumbo Haukipokei

(Maneno ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa kamati za sharika na wafadhili)



Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayovuna mahindi kwa wingi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa ndiyo inayoongoza kwa udumavu: karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano, au zaidi, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Chakula kinakwenda wapi?

Sehemu ya jibu iko sahanini: ugali mwingi, maharage na mayai haba. Sehemu nyingine iko tumboni. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo sana vinavyofyonza virutubisho. Mtoto akimeza vijidudu kila siku, utumbo huvimba na vijidole hivyo hufupika. Huenda asiharishe wala asilie. Anakula, lakini sehemu ya chakula hupita bure.

Vijidudu hivyo viko karibu. Kuku wanalala jikoni, na mtoto anatambaa hapo hapo akiokota na kutia mdomoni.

Hata hivyo, choo peke yake hakitoshi. Utafiti mkubwa wa vijijini magharibi mwa Kenya, uliotoa matokeo mwaka 2018, ulikuta kuwa vyoo, dawa ya maji na kunawa mikono havikuongeza urefu wa watoto. Waliopata ushauri wa lishe na chakula cha nyongeza waliongezeka, ila kidogo. Wataalamu wengi wakaona kwamba hatua ndogo ndogo haziondoi uchafu wa kutosha.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Wafadhili wetu, msigharimie maji mwaka huu na lishe mwaka ujao; gharimieni vyote kwa kaya zile zile, tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka miwili. Nanyi wanakamati, taarifa zenu zisiishie kwenye idadi ya vyoo na magunia ya unga. Andikeni pia urefu wa watoto, na kama kuku wamejengewa banda lao.

Tukihesabu magunia tu, tutajua tulichotoa. Tukipima watoto, tutajua walichopata.