Saratani ya Ovari na Jina Lisiloistahili

Saratani ya ovari huota katika vifuko vya mayai ya mwanamke. Lakini aina yake iliyo ya kawaida zaidi, kama wataalamu wengi wanavyokubali leo, huanzia kwenye ncha za mirija ya uzazi, ikashuka hadi ovari na utando wa tumbo. Mwaka 2022 ilikadiriwa kuua wanawake karibu 207,000 duniani. Hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga, na kwa aliyerithi hitilafu ya jeni za BRCA1 au BRCA2. Hupungua kwa aliyezaa, aliyenyonyesha au aliyemeza vidonge vya uzazi wa mpango kwa miaka. Hayo yanajulikana.

Lisilovumilika ni jina la "muuaji wa kimya", ambalo bado linafundishwa. Daktari aliyeaminishwa kwamba ugonjwa hauna dalili hatauliza, na mgonjwa asiyeulizwa hatasema. Mwaka 2004 Barbara Goff na wenzake nchini Marekani waliuliza. Tumbo kujaa, tumbo kukua na haja ndogo ya mara kwa mara vilikutwa pamoja kwa asilimia 43 ya wenye saratani, dhidi ya asilimia 8 ya wanawake waliofika kliniki kwa shida za kawaida. Uzuri wa kazi ile uko katika kuhesabu siku: gesi ya kawaida huja na kuondoka, lakini tumbo la saratani husumbua karibu kila siku. Kipimo chao cha dalili cha mwaka 2007 kikaweka, pamoja na tumbo kujaa au kukua, maumivu ya tumbo au nyonga, na kushiba upesi. Dalili iwe imeanza ndani ya mwaka mmoja, na ionekane zaidi ya siku 12 kwa mwezi.

Mjini Kisangani, Kongo, tumbo linalovimba huitwa minyoo, amiba, tifoidi, hata kurogwa. Mhadhiri mmoja wa tiba hajamsahau mama mmoja muuza kwanga, aliyemwona zamani akiwa bado mwanafunzi. Fishi yake ya matibabu ilikuwa na dawa za minyoo mara tatu. Yeye alieleza kwamba fundo la kitenge lilikuwa likikataa kufika tangu mvua zilizopita, ingawa mashavu yalikuwa yakibonyea. Hakuna aliyeliandika fundo hilo.

Wanaopinga kutegemea dalili wana hoja. Kipimo cha Goff kilinasa asilimia 57 tu ya saratani za mapema, na wengi wenye dalili hizo hawana saratani. Lakini mashine nazo hazijashinda: uchunguzi wa Uingereza wa wanawake zaidi ya 200,000, uliotoa jibu mwaka 2021, ulionyesha kuwa kupima damu na ekografia kwa wasio na dalili hakukupunguza vifo. Tena CA125, protini inayotafutwa katika kipimo hicho cha damu, hupanda kwa mimba, kwa uvimbe wa kizazi, na kwa kifua kikuu cha tumbo, kinachojaza tumbo maji kama saratani hiyo. Mwanamke asihukumiwe kabla kipande cha nyama yake hakijapimwa maabara. Hata baada ya hesabu zote hizo, fundo la kitenge bado linastahili mstari wake kwenye fishi.

Wala asitegemee kipimo cha siki: hicho hutazama shingo ya kizazi. Hakioni ovari, na chanjo ya HPV haizikingi. Mwenye dalili zaidi ya siku 12 kwa mwezi aombe kupimwa nyonga na ekografia kabla ya kumeza tena dawa ya minyoo.