Miwani ya uhalisia pepe: ya waya au ya kujitegemea?

Msikilizaji, kabla hujatoa pesa, jiulize: kompyuta yenye nguvu ninayo? Valve Index, miwani ya waya iliyotoka mwaka 2019, haiendi bila kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, pamoja na vifaa vya kurusha miale pembeni mwa chumba. Michezo mizito inaimudu, lakini ukigeukageuka, waya unakunasa miguuni. Meta Quest 3 ya mwaka 2023, ambayo ni ya kujitegemea, ina prosesa na betri ndani yake: unavaa, unacheza, ingawa chaji huisha baada ya saa mbili hivi. Hiyo nayo, ukitaka, huunganishwa na kompyuta kwa waya au Wi-Fi. Anayeanza, mimi ningemwambia aanzie hapo. Na kama unavaa miwani ya macho, jaribu hiyo ya uhalisia pepe dukani kabla ya kulipa.