Kuthamini na Kukatia Bima Mkusanyo wa Vichezeo: Mfano wa Vigari vya Uingereza

1. Mali inayohusika

Vigari vidogo vilivyosubiwa kwa aloi ya zinki nchini Uingereza kuanzia miaka ya 1930 hadi 1970 ni miongoni mwa vichezeo vinavyokusanywa sana duniani. Majina makuu ni matatu. Dinky Toys vilitengenezwa na kampuni ya Meccano ya Liverpool, vikapewa jina hilo mwaka 1934. Matchbox, vya kampuni ya Lesney ya London, vilianza kuuzwa mwaka 1953 katika viboksi vyenye umbo la kiberiti. Corgi Toys vilianza mwaka 1956 katika kiwanda cha Swansea, Wales.

Vigari hivyo vilitolewa kwa wingi mno, navyo vilikusudiwa watoto. Watoto walivigonganisha, wakavifukia mchangani, na maboksi yakatupwa siku ileile. Vilivyosalia vizima ndani ya maboksi yake ni vichache, na uchache huo ndio mzizi wa thamani. Lakini kampuni ya bima hailipi kwa sababu mwenye mali anajua thamani hiyo, hulipa inapothibitishwa. Kwa hiyo kuthamini na kukata bima ni kazi moja, na msingi wake ni ushahidi.

2. Vigezo vya thamani

Mthamini hupima mambo manne: uhalisi, hali, ukamilifu na uadimu wa toleo.

Mfano mzuri ni Aston Martin DB5 ya James Bond, namba 261, iliyotolewa na Corgi mwaka 1965 ikiwa na rangi ya dhahabu. Paa lake hufunguka na kiti cha abiria humrusha nje mhalifu mdogo wa plastiki. Bunduki huchomoza mbele, na ngao ya kuzuia risasi huinuka nyuma. Ndani ya boksi mlikuwa na bahasha ya maelekezo ya siri na mhalifu wa akiba. Mthamini hujaribu kila kifaa, hukagua kingo za mlango na paa ambako rangi hubanduka kwanza, kisha huhesabu vilivyomo. Gari lenye boksi, bahasha na wahalifu wote wawili ni mali tofauti kabisa na gari hilohilo likiwa tupu.

Uhalisi hutaka uangalifu zaidi, kwa kuwa maboksi ya kuiga, magurudumu mapya na rangi ya kupaka upya vimejaa sokoni. Kigari kilichopakwa rangi upya hupendeza machoni, lakini hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

3. Bei zisizopaswa kuchanganywa

Kichezeo kimoja huwa na bei zaidi ya moja. Bei ya nyundo ndiyo inayotangazwa mnadani. Muuzaji hupokea chini ya hapo, kwa sababu hukatwa kamisheni; mnunuzi hulipa zaidi, kwa sababu huongezewa ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi hufikia asilimia 20 au kuzidi. Kwa bima, bei inayofaa ni ya kununua kingine cha aina na hali hiyohiyo, yaani jumla yote atakayolipa mnunuzi. Anayeandikisha bei ya nyundo pekee huwa amejipunja.

Chanzo bora cha bei ni matokeo ya minada ya kitaalamu, kama ile ya Vectis kaskazini mashariki mwa Uingereza. Bei anayoitaja muuzaji kabla ya mauzo ni matarajio yake tu.

4. Orodha na ushahidi

Kila kitu huandikwa kwenye orodha kwa jina la mtengenezaji, namba ya toleo, rangi, hali, vifaa vilivyomo, tarehe na bei ya kununuliwa, na thamani ya sasa. Hupigwa picha kwa juu, chini na pembeni, na boksi hupigwa pande zote. Stakabadhi huambatishwa. Nakala moja ya orodha hukaa nje ya nyumba, kwani moto unaoteketeza vichezeo huteketeza na makaratasi.

5. Bima yenyewe

Bima ya kawaida ya vyombo vya nyumbani huweka kikomo kwa kila kitu kimoja, na baadhi ya hati hukata uchakavu. Makato hayo humuumiza mkusanyaji, kwani mali yake hupanda thamani kadiri inavyozeeka. Njia salama ni kuorodhesha vitu vya bei kubwa kimoja kimoja, au kukata bima maalumu yenye thamani iliyokubaliwa na pande zote mbili tangu mwanzo.

Hatari kubwa ni bima pungufu. Chukulia mkusanyo wa pauni 20,000 uliokatiwa bima ya pauni 12,000. Wezi wakichukua vitu vya pauni 5,000, kanuni ya wastani huipa kampuni haki ya kulipa kwa uwiano uleule, yaani pauni 3,000 tu. Kanuni hiyo imo pia katika hati nyingi za bima ya moto Kenya na Tanzania.

Yapo pia yasiyolipiwa. Zinki iliyochanganyika na madini ya risasi katika vigari vingi vya Dinky vya kabla ya Vita Kuu ya Pili hupasuka, huvimba na mwishowe humeng'enyuka. Hakuna dawa ya kuirudisha, na bima huihesabu kuwa kasoro ya asili ya kitu chenyewe. Rangi kufifishwa na jua, wadudu na unyevu wa polepole huwekwa kundi hilohilo. Yafaa pia kuuliza mapema kama boksi likiharibika na gari likapona, kampuni italipa anguko la thamani ya vyote viwili.

Maswali ya kampuni hujibiwa kwa ukweli, hasa kuhusu makufuli, kengele za wizi, maonyesho na biashara, maana jibu la uongo laweza kuvunja madai yote.

Thamani hupitiwa upya kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na kila kitu kipya huongezwa kinaponunuliwa. Hasara ikitokea, wizi huripotiwa polisi mara moja, kampuni hujulishwa ndani ya muda uliowekwa, na mabaki yote, hata boksi lililoungua nusu, huhifadhiwa hadi mkaguzi ayaone.