Tangi la Kuchuja Maji ya Bahari: Tulitengeneze Wenyewe
(Mazungumzo na wanakisomo wa vijiji vya pwani ya Bagamoyo)

Leo tumekuja kuzungumza nanyi juu ya maji. Mtasema, "Sisi watu wa pwani, maji ya bahari tumezaliwa nayo. Mtatufundisha nini?" Ni kweli. Lakini maji yaliyomo baharini na maji yaliyomo tangini si kitu kimoja. Baharini maji hupwa na kujaa. Mawimbi huyapiga na kuyatia hewa. Uchafu wa samaki mmoja hupotea katika maji mengi. Tangini maji yamefungwa. Uchafu hubaki palepale, na kiumbe aliyeutoa ndiye anayeuvuta tena.

Kwa nini tuwe na tangi

Mvuvi wa Mlingotini au wa Kaole akipata kamba koche jioni, mnunuzi wa hoteli yuko mbali. Kamba koche aliye hai ana bei nzuri. Akifa, nyama yake huharibika upesi na bei huanguka. Mnunuzi naye anajua jambo hilo. Anajua mvuvi hawezi kungoja. Basi ananyamaza, anaacha jua lipande, kisha anataja bei anayoitaka yeye.

Mvuvi mwenye tangi zuri anaweza kumjibu, "Kwa bei hiyo hatuuzi. Njoo kesho." Neno hilo, "njoo kesho", ndilo tunalotaka kulijenga leo.

Wengi wamejaribu kumweka kamba koche katika pipa la maji ya bahari. Asubuhi wakamkuta amekufa. Wengine walisema ni bahati mbaya. Hapana, ndugu zetu. Kuna sababu, na sababu hiyo inajulikana.

Adui asiyeonekana

Kila kiumbe wa majini hutoa taka mwilini. Taka iliyo mbaya zaidi inaitwa amonia. Haina rangi majini. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo, na bado yana sumu. Tena kiumbe huyo anavuta hewa iliyomo majini. Maji yakitulia, na yakipata joto, hewa hupungua. Basi kamba anapigwa mara mbili: hewa inakwisha na sumu inazidi.

Mungu ameumba vijidudu vidogo sana vinavyoila amonia. Vinaitwa bakteria. Si bakteria wote huleta maradhi. Hawa ni wafanyakazi wetu. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ina madhara madogo, na tunaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Wafanyakazi hawa wanataka vitu viwili: mahali pa kushika na maji yenye hewa yanayopita. Tangi la chini ni nyumba yao. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Watu wanaofuga samaki wa mapambo wa baharini katika matangi ya vioo, huku kwetu na nchi za nje, hutumia njia hiyo hiyo.

Jinsi linavyofanya kazi

Tangi la juu ndilo lenye kamba. Tangi la chini liko chini yake. Maji yakijaa juu, humwagika katika bomba na kushuka yenyewe. Huko chini yanachujwa. Kisha pampu ndogo inayapandisha tena juu. Safari hiyo haikomi mchana wala usiku.

Tangi la juu liwe la plastiki ngumu au la kioo kinene. Tuseme lina urefu wa sentimita 100, upana 50 na kimo 40. Hebu tupige hesabu pamoja. Mara 100 kwa 50 kwa 40 ni 200,000. Gawa kwa 1,000, unapata lita 200. Lakini hatulijazi. Tunatoboa tundu la bomba la kushushia maji kwenye kimo cha sentimita 30. Hivyo maji yatakuwa karibu lita 150. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Basi meza ya kubeba tangi hili iwe imara kweli kweli.

Tangi la chini lina urefu wa sentimita 60, upana 40 na kimo 40. Fundi wa vioo anaweza kulikata kwa kioo cha milimita 6 na kuligandisha kwa gundi ya silikoni. Mwambieni atumie gundi isiyotiwa dawa ya kuua ukungu. Liacheni likauke juma zima kabla ya kutia maji.

Ndani yake tunaweka kuta mbili za kioo, tupate vyumba vitatu.

Chumba cha kwanza kina urefu wa sentimita 15. Bomba la kutoka juu linaingia hapa. Tundika mfuko wa kitambaa kizito mdomoni mwa bomba, unase uchafu unaoonekana. Ukuta wa chumba hiki umesimama chini kabisa, na kimo chake ni sentimita 25. Maji hupita juu yake.

Chumba cha pili kina urefu wa sentimita 30. Hapa ndipo nyumbani kwa wafanyakazi wetu. Jaza magamba ya chaza na kombe yaliyooshwa vizuri, pamoja na vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Vitie katika mfuko wa wavu. Maji yakiangukia juu yao hupata hewa. Ukuta wa pili umeinuliwa sentimita 5 kutoka chini, na maji hupita chini yake. Ncha yake ya juu ifike kimo cha sentimita 35.

Chumba cha tatu kina sentimita 15 zilizobaki. Hapa inakaa pampu. Weka maji ya chumba cha pili na cha tatu kimo cha sentimita 20.

Pampu iwe ya kuzamishwa, na iwe imetengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi. Iweze kupandisha lita 800 hadi 1,000 kwa saa mpaka kwenye kimo cha tangi la juu. Bomba la kushushia liwe pana kuliko la kupandishia. Inchi moja na nusu inafaa. Mdomoni litiwe wavu, kamba asije akaliziba. Msitumie mabomba ya shaba. Shaba ni sumu kwa kamba.

Kwa nini tuache nafasi

Jambo hili wengi hulisahau. Umeme ukikatika, pampu inasimama, lakini maji yaliyo juu ya mdomo wa bomba yanaendelea kushuka. Yakiwa sentimita 2, hesabu ni 100 mara 50 mara 2, yaani lita 10. Yataingia tangi la chini. Tangi letu limebakiwa na nafasi ya lita 40 na zaidi, kwa hiyo halimwagiki. Mtu aliyelijaza mpaka juu atakuta chumba kizima ni bahari.

Bomba la kupandishia nalo lina hila. Mdomo wake ukizama katika tangi la juu, pampu ikisimama maji hurudi chini kwa njia hiyo hiyo. Basi mdomo ukae juu ya maji, maji yaanguke kama kijito. Kwa kufanya hivyo tunapata faida mbili: maji hayarudi, na hewa inaingia.

Kabla ya kutia kiumbe chochote, jaribuni kwa maji matupu. Zimeni pampu. Tazameni. Washeni tena. Fanyeni hivyo mara tatu.

Maji tuyachote wapi

Chota maji yanapojaa, hasa wakati wa bamvua, mahali palipo mbali na mitaro ya mji. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, na Mto Wami uko mbele zaidi karibu na Saadani. Wakati wa masika mito hii huleta matope na maji baridi mengi. Maji ya bahari ya kawaida yana chumvi karibu gramu 35 katika lita moja. Mvua kubwa ikinyesha chumvi hupungua, na kamba koche hapendi hivyo. Ngojeni maji yarudi hali yake. Yachujeni kwa kitambaa safi kabla ya kuyatia tangini.

Sasa je, maji yakipungua kwa jua, tuongeze maji ya bahari? La. Maji yanayoruka ni matupu, chumvi inabaki. Mkiongeza maji ya bahari kila siku, tangi litazidi kuwa kali. Pigeni mstari wa alama katika chumba cha tatu. Maji yakishuka chini ya mstari, ongezeni maji baridi safi kidogo kidogo. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yakae kwanza katika ndoo wazi kutwa na kucha.

Tusiwe na haraka

Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Wanahitaji majuma 4 hadi 6 ili waongezeke. Anzeni na kamba mmoja au wawili tu. Maduka ya samaki wa mapambo huuza dawa za kupimia amonia na nitriti. Chama kikinunua chupa moja, kinatumia wote. Vipimo vikionyesha kwamba sumu hizo hazipo, ongezeni mmoja, kisha mwingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Kila baada ya siku mbili fua kitambaa. Magamba na vifuniko visioshwe kwa sabuni wala kwa maji ya bomba, maana mtawaua wafanyakazi wetu. Visuuzeni kwa maji yaliyotolewa tangini. Kila juma toeni sehemu moja ya kumi ya maji, mtie mapya ya bahari. Kamba aliyekufa atolewe mara moja.

Jambo jingine ni dawa ya mbu ya kupuliza. Dawa inayoua mdudu inaua kamba pia. Msiipulize katika chumba chenye tangi.

Umeme na maji ya chumvi

Hapa tunaomba masikio yote. Maji ya chumvi hupitisha umeme upesi sana. Kamba akifa tumepata hasara. Mtu akifa hakuna tangi litakalomrudisha.

Soketi iwe juu ukutani, kando ya tangi, isiwe chini yake. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kwanza, halafu upande. Maji yakifuata waya yatadondoka pale chini, hayatafika kwenye soketi. Fundi umeme mwenye leseni atie waya wa ardhini na swichi ya kukata umeme unapovuja. Na kabla ya kutia mkono majini, chomoa pampu. Kila siku, kila mtu. Watoto wasikaribie.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, chota maji kwa kopo na uyamwage kutoka juu, urudie kila baada ya dakika chache. Mkichoka, mtoeni kamba, mfunikeni kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, mmweke kivulini. Anaweza kuvumilia saa kadhaa. Hiyo ni afadhali kuliko kumwacha katika maji mabovu.

Bahari nayo tuilinde

Tangi lisiwe sababu ya kuharibu miamba. Magamba tunayahitaji ya chaza na kombe waliokwisha kuliwa. Yamejaa majalalani kwetu. Hakuna haja ya kuvunja matumbawe hai. Hayo ndiyo nyumba ya kamba. Kusini yetu, visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1975. Huko haturuhusiwi kuvua.

Jike mwenye mayai tumboni arudishwe baharini. Kamba mdogo naye aachwe akue. Tangi linatusaidia tuuze wachache kwa bei nzuri. Halikuundwa ili tuvue wengi zaidi.

Kabla ya kuanza biashara, mwoneni afisa uvuvi na viongozi wa kikundi cha kulinda rasilimali za bahari kijijini, awaelezeni leseni zinazohitajika. Mbegani pia kipo chuo cha uvuvi, ambacho ni sehemu ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Wataalamu wake ni jirani zetu. Jirani haulizwi siku ya msiba tu.

Ndugu wanakisomo, ninyi mmejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Tangi hili linataka yote matatu. Utasoma kipimo, utaandika siku uliyobadilisha maji, utahesabu lita. Mtu mmoja pengine hawezi gharama ya pampu. Watu kumi wanaweza. Na watu kumi wakimwambia mnunuzi "njoo kesho", atakuja.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini maji yanayoonekana safi yanaweza kuua kamba?
2. Tangi lina urefu wa sentimita 80, upana 50 na maji ya kimo cha sentimita 30. Lina maji lita ngapi?
3. Kwa nini tunaongeza maji baridi, na si ya bahari, maji yanapopungua kwa jua?
4. Kijijini kwenu, nani ataangalia tangi usiku umeme ukikatika? Pangeni zamu.