Unga, Udongo na Vidole vya Mtoto

Wasikilizaji wa Kiserian, Kitengela na Kajiado kwa jumla, sanaa ya hisi ni uchoraji na ufinyanzi unaomwezesha mtoto mdogo kujifunza kwa kugusa, kunusa na kuona, na haihitaji rangi za dukani. Mtaala wa umilisi umeweka shughuli za ubunifu katika elimu ya awali nchini Kenya, lakini mtoto ambaye hajafikia umri wa PP1, darasa la kwanza la elimu hiyo, huanzia nyumbani.

Mzazi achanganye vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha chumvi, kisha aongeze maji kidogo kidogo mpaka donge liache kunata mikononi. Bizari ya manjano hulitia rangi, na maji ya bitiruti huleta wekundu ambao, wenye nguo nyeupe wajihadhari, hautoki upesi. Mtoto aachwe abonye, aviringishe na avunje apendavyo, kwa kuwa kubonya huimarisha misuli ya vidole ambayo baadaye hushika penseli; anayelazimishwa kufinyanga ng'ombe anayefanana na ng'ombe hasa amenyimwa nusu ya faida.

Udongo mweusi wa Kitengela, unaonata mvua inaponyesha, unafaa vilevile, mradi usichotwe palipolala mifugo.

Donge hilo lina chumvi nyingi na unga usiopikwa, hivyo haliliwi. Shanga na maharagwe ya kupambia donge, vitu vinavyoweza kumpalia, asipewe mtoto aliye chini ya miaka 3. Yasisitizwe tena: rangi za dukani hazihitajiki. Kinachohitajika ni mtu mzima akae karibu, na mikono ioshwe kwa sabuni kazi ikiisha.