Mzigo Hupimwa kwa Maji Haba

Somo: Matendo ya Mitume 27:9-44

Leo twataka kusafiri nanyi kwa fikira mpaka Ujerumani, ndani ya meli ya mizigo katika mto Rhine. Mto huo una uhusiano na historia yetu, kwa maana Krapf na Rebmann, waliofika Mombasa mwaka 1844 na 1846, walisomea kazi ya umisionari huko Basel, mji wa Uswisi ulio kando ya mto huohuo.

Kati ya Bingen na Koblenz mto hupita katikati ya milima, nao ni mwembamba, wenye kona nyingi. Kwenye miteremko kuna mashamba ya mizabibu, na juu ya miamba ngome za kale. Penye mji mdogo wa Kaub ngome moja imesimama katikati ya maji yenyewe. Ilijengwa karne ya 14 ili wenye meli watozwe ushuru. (Ushuru, ndugu zangu, haukuanza kwetu.) Msafiri hutoka nje kutazama uzuri huo. Nahodha ana shauri lingine moyoni.

Hapo Kaub chini ni mwamba, na maji ni haba. Ukingoni kuna kipimo, na namba yake hutangazwa kila siku. Meli inayotoka Rotterdam, karibu kilometa 450 kutoka hapo, hupakiwa bandarini penye maji mengi. Lakini kama itapita Kaub, nahodha hapimi mzigo kwa kina cha Rotterdam. Hupima kwa kina cha Kaub. Oktoba 2018, baada ya ukame mrefu, kipimo hicho kilishuka hadi sentimeta 25, maana yake njia ya meli ilibaki na mita moja na kitu tu. Meli zilizopita zilibeba sehemu ndogo ya shehena, na viwanda vikakosa mali. Mwezi Agosti 2022 shida hiyo ilirudi.

Sisi je? Mara nyingi twapakia siku ya maji mengi. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1977, bei ya kahawa ilipopanda sana. Kuna waliopima nyumba, mikopo na ahadi zao kwa mwaka ule, kisha bei ikashuka. Hata leo mtu apata mshahara mpya, naye aweka hati ya shamba rehani kwa ajili ya arusi ya siku moja. Nasi viongozi wa kanisa twaanza jengo kubwa kwa furaha ya harambee ya kwanza.

Katika somo letu Paulo aliwaonya mapema, lakini akida alimsikiliza nahodha na mwenye meli. Upepo mwanana ukavuma, wakadhani mambo ni sawa. Tufani ilipokuja walitupa shehena, kisha vyombo vya meli, na mwisho ngano. Tuangalie jambo hili: ngano si dhambi. Ni chakula. Mizigo mingi inayotulemea ni vitu vyema, na ndiyo sababu twaona vigumu kuitupa. Meli yenyewe ilivunjika, lakini watu wote 276 walifika nchi kavu.

Basi, baba unayesikiliza, ambaye mama watoto hajui deni lako, mwambie leo kabla hamjalala. Iteni mzee mmoja wa kanisa mnayemwamini, mkae naye mezani, mhesabu pamoja ni ngano gani itatupwa kwanza. Aibu ya kuuza gari ni ndogo kuliko kupoteza shamba la watoto.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewahifadhi watu wote wa meli ile, wakumbuke walio katika maji haba asubuhi hii. Wape ujasiri wa kusema na wenzao nyumbani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.