Juu ya Kununua Nguo Zidumuzo katika Mji wa Dar es Salaam

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa Chama, nayo yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wasikilizaji.)



Bwana Katibu aliponiomba niseme mbele yenu jioni hii, nilidhani atanipa jambo la mishahara au la malipo ya uzeeni. Kumbe ataka niseme juu ya nguo. Kwanza nilicheka. Kisha nikahesabu moyoni fedha nilizotoa kwa ajili ya mavazi tangu nilipoingia kazini, na mavazi mangapi yaligeuka matambara kabla sijamaliza kuyalipia, na kicheko kikaisha. Serikali yatutaka tuvae kwa heshima, na waraka wa mwaka 2007 juu ya mavazi ya watumishi wasema hivyo wazi. Lakini waraka si duka. Kila karani hujitafutia mwenyewe, na wengi wetu hujitafutia hasara.

Nitaanza na hasara yangu, maana hiyo naijua vema. Mwaka wangu wa pili kazini niliitwa mbele ya wakubwa kuulizwa maswali ya kupandishwa cheo. Nilikuwa na suruali mbili tu, nazo zimepauka. Nikaingia katika duka moja, ambalo jina lake sitalitaja, nikachukua suti iliyo tayari kwa mkopo wa miezi mitatu. Rangi yake ilikuwa ya kupendeza, na ndani ya koti palishonwa kibandiko cha herufi za dhahabu chenye jina la mji wa Ulaya. Siku ilipofika niliketi, nikajibu maswali, mambo yakaenda vizuri. Nilipoinama kuokota karatasi iliyoanguka, suruali ikapasuka nyuma toka mkandani hata pajani. Nilitoka chumbani kinyumenyume, kama mtu amwagaye mfalme.

Jioni ile nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa na cherehani yake barazani, huko Kariakoo. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitika, “Marahaba, mwanangu, lete tuone.” Akaigeuza ndani nje, akaivuta kwa vidole, akanirudishia. Akasema, “Suruali hii haina nyama. Aliyeishona ameacha upana wa njiti ya kibiriti tu. Nikiishona tena itakubana, na ukiketi itapasuka mahali pengine. Wewe, mwanangu, ulinunua kwa macho.”

Deni la suti ile nililiendeleza miezi miwili zaidi, na suti yenyewe haivaliki. Ilikuwa mwezi wa Januari. Mdogo wangu wa kike, niliyekuwa nikimlipia ada, alirudishwa nyumbani akakaa siku 11, hata nilipopata mshahara. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Basi mkisikia nasema juu ya nyuzi na pindo kama mtu asemaye juu ya jambo zito, mjue sababu yake.

Wazee wetu wa pwani na bara hawakununua kwa macho. Mwajua ile nguo iliyoitwa merikani. Ililetwa Unguja na wafanya biashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, na mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said. Ilikuwa pamba tupu, nzito, isiyotiwa rangi, na mnunuzi aliitambua kwa kuipapasa. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuiiga, lakini nguo nyingi za Kiingereza za miaka ile zilishindiliwa wanga na udongo mweupe ili zionekane nzito, na zikifuliwa mara moja hubaki kama chandarua. Kilichoidhoofisha biashara ya merikani kilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, pamba ilipoadimika. Wanunuzi wa kwetu hawakuwa wameichoka.

Hila ya wanga ingali hai. Ukishika kitambaa dukani, kisugue kwa nguvu kati ya vidole gumba. Kikitoa unga, au kikilegea ghafula kama karatasi iliyolowa, ujue kwamba wauziwa wanga. Kisha kinyoshe mbele ya mwanga wa mlangoni: nyuzi ziwe zimekaribiana, nazo ziwe sawasawa, pasiwe na mahali penye kuonyesha kiganja chako. Kikunje mkononi kwa nguvu, kisha ukiachie. Muuza duka akikuapia kwamba ni pamba tupu, mwombe uzi mmoja wa ukingoni, utoke nje uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka kama nywele. Poliesta huyeyuka na kuwa punje ngumu nyeusi. Simaanishi kwamba poliesta haifai. Kitambaa cha mchanganyiko hukaa sana na hakitaki pasi nyingi, na kwa suruali chafaa. Lakini shati la poliesta tupu, katika joto la Dar es Salaam la mwezi wa Februari, ni adhabu.

Sasa nije katika mahali pa kununua. Mgeni afikapo Kariakoo hudhani nguo zauzwa chini ya lile paa kubwa la soko, lililofunguliwa mwaka 1975 kwa usanifu wa Bwana Beda Amuli na ambalo liliungua Julai 2021. Sivyo. Biashara ya nguo imo katika mitaa inayolizunguka: Kongo, Msimbazi, Sikukuu, Aggrey, na vichochoro vilivyo kati yake. Mtaa wa Kongo ndio ujulikanao kupita yote kwa nguo zilizo tayari, nao ndio mtaa wa hatari kwa mtu mwenye haraka. Nguo nyingi pale zimeletwa kwa jumla kutoka China na Uturuki, na wachuuzi toka mikoani na nchi za jirani hufunga mizigo pale. Nguo njema zimo, nimeziona. Lakini zimetundikwa pamoja na mbovu, kwa bei zinazokaribiana, na makelele ya wauzaji hayampi mtu nafasi ya kugeuza shati ndani nje. Na asiyeligeuza ndani nje asinunue. Atazame mshono wa ubavuni: je, kitambaa kimekunjwa mara mbili na kushonwa juu yake, au kimepitishwa uzi tu na kuachwa kikichakaa? Ahesabu sindano katika inchi moja. Zikiwa 10 au 12, shati lile limeshonwa na mtu aliyekusudia livaliwe. Zikiwa 6, limeshonwa liuzwe.

Mimi huanzia Mtaa wa Uhuru, ule uliokuwa ukiitwa Kichwele kabla ya Uhuru, upande ule wa Mnazi Mmoja. Mwakumbuka kwamba uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi zamani za ukoloni ili kuutenga mji wa Wahindi na mji wa Waafrika. Siku hizi hautengi mtu, na maduka yaliyo karibu yake yanauza kanga kwa doti na vitenge na vitambaa vya kila namna kwa jora na kwa mita. Huko hununui nguo, wanunua kitambaa, na kitambaa hakina mahali pa kuficha aibu yake.

Juu ya kanga na vitenge mabibi watanicheka, kwa kuwa wao ndio walimu. Nasema haya machache tu kwa faida ya mabwana wanaotumwa na wake zao. Kitenge chema kigeuzwe: rangi ya nyuma ikaribie ya mbele. Kikiwa cheupe nyuma, kimepigwa chapa upande mmoja, nacho kitapauka. Kanga ipakwe kitambaa cheupe kilicholowa maji. Kikitoka chekundu, hata mashuka yako yatakuwa mekundu. Mama yangu anayo doti moja iliyofumwa katika kiwanda cha Urafiki, kile kilichofunguliwa hapa mjini mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina. Aliinunua kabla sijazaliwa. Imepungua rangi, lakini ukiivuta haichaniki.

Sasa mmoja wenu atasimama aniulize, “Na mitumba je?” Swali hili ni la haki, nami sitalikwepa. Nguo za mitumba zilizidi kuingia nchini baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984, baada ya miaka ambayo hata shati jipya lilikuwa jambo la kupanga foleni. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuziondoa polepole. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru, Kenya na Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia neno lake ikapoteza nafuu ile kwa nguo zake mwaka 2018. Moyo wangu waniuma nionapo pamba ya Shinyanga na Simiyu yasafirishwa ikiwa haijafumwa, kisha tunajinunulia mashati waliyoyachoka watu wengine. Lakini nikikuambia kwamba mitumba ni mibovu nitakuwa mwongo. Koti nililolivaa leo nililipata soko la Mchikichini, pale Karume, Ilala, kabla soko lile halijaungua Januari 2022, nalo lilikuwa limekwisha kuvaliwa na mtu nisiyemjua, na bado bitana yake haijaachia. Nguo iliyofuliwa mara hamsini na ikabaki na umbo lake imekwisha kufanya mtihani wake. Kwa hiyo makoti, sweta, na chochote cha sufu, nendeni Ilala asubuhi mapema mabelo yanapofunguliwa. Tazameni kwapani, ukosini na magotini. Nguo za ndani msiguse kabisa. Shirika la Viwango limezipiga marufuku, na kwa haki.

Mashati na suruali, hata hivyo, nawashauri mshoneshe. Najua mtakalojibu: kushonesha ni ghali. Tuseme shati rahisi ni shilingi 15,000 nalo lakaa miezi 6. Na shati la kushonesha, kitambaa na ujira pamoja, ni shilingi 40,000 nalo lakaa miaka 3. Katika miaka hiyo 3 mwenye shati rahisi amenunua mashati 6 na kutoa shilingi 90,000. Lakini hesabu hii haimsaidii mtu asiye na hizo 40,000 tarehe 15 ya mwezi, nami nimekuwa mtu huyo mara nyingi. Faida ya kushonesha ni kwamba gharama yaweza kugawanyika pasipo deni. Mwezi huu nunua kitambaa, ukiweke sandukuni. Mwezi ujao mlipe fundi. Hakuna atakayekugongea mlango.

Kabla ya kumpelekea fundi, loweka kitambaa cha pamba usiku kucha ukianike, kipungue kikiwa mikononi mwako, kisije kikapungua kikiwa mwilini. Mpelekee shati lako la zamani lililokukaa vizuri, awe na mfano. Mwambie aache nyama ya inchi moja nyuma ya suruali, maana wengi wetu twanenepa kadiri vyeo vinavyopanda. Mwambie akupe mabaki ya kitambaa, nawe uyatunze: ukosi ukichakaa, fundi mwema huufumua, huugeuza upande wa pili, na shati huanza maisha mapya. Makarani wa zamani walijua sana jambo hili. Tena usiende wiki ya mwisho kabla ya Idi au Krismasi ukategemea kazi safi.

Na hapa lazima niseme neno ambalo halitawapendeza wote. Sisi makarani hulipa bei ya duka bila kunung’unika, kisha tukafika barazani kwa fundi tukamkata ujira hata akaona kazi yetu ni ya kuimaliza upesi. Twamlipa nusu, twachukua nguo, na nusu ya pili twaileta baada ya miezi. Nimemsikia fundi mmoja akimwambia mwanafunzi wake, “Hiyo ni ya karani, shona tu.” Niliona haya, kwa sababu suruali ile ilikuwa yangu.

Wanachama watatu wameniambia kwamba wao hawaamini macho yao wala vidole vyao, na wangependa kwenda na mtu. Jumamosi ijayo nitakuwa Mnazi Mmoja, upande wa Mtaa wa Uhuru, saa mbili za asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Mwenye kutaka na aje, na achukue kiberiti.